Orodha ya Vitu vya Kubeba

Orodha ilitumwa Jumatatu kwa simu. Niliichapisha kazini, katika kliniki ya meno ya Westlands ninakokaa mapokezi, nikaikunja mara mbili na kuitia mkobani. Blanketi mbili. Shuka jozi tatu. Taulo. Beseni. Sweta mbili nzito. Viatu visivyoteleza. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: kila nguo iandikwe jina la mwenyewe.

Jioni nilipofika nyumbani Mountain View niliiweka mezani, nikaingia jikoni kubandika chai. Niliporudi, Shosho, nyanya yangu, alikuwa amevaa miwani yake, ile yenye mguu uliofungwa kwa uzi, anaisoma kwa kidole.

"Kwa hivyo wamekuchukua," akasema.

"Nani, Shosho?"

"Shule." Alivua miwani, nikaona macho yake yamelowa. "Na hukuniambia, wajina. Ulitaka nijue siku ya kubeba boksi?"

Ananiita wajina kwa sababu sote wawili ni Wangui. Mimi ni msichana wa kwanza wa mwanawe mkubwa, kwa hivyo jina lake lilikuja kwangu, kama ilivyo kwetu. Baba alipofariki na Mama akaolewa tena Nakuru, Shosho alinichukua na kunilea kwa pesa za sare za shule alizokuwa akishona Ngara. Nilipoingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, alinipeleka mwenyewe. Kila nguo yangu ilikuwa na jina kwa uzi mwekundu, hata soksi, na wasichana wengine walinicheka wiki nzima.

Hapo mezani ndipo ningemwambia. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga siku nyingi nikiwa kazini: kwamba kuna nyumba Muthiga, kwamba wanajua kuwatunza watu wenye ugonjwa wa kusahau, kwamba nitakuwa nikija kila wiki. Lakini Shosho alikuwa amefurahi. Ilikuwa miezi tangu nimwone amefurahi kwa sababu anayoweza kuitaja.

"Ni lini?" akauliza.

"Jumamosi," nikasema. Siku ilikuwa ya kweli, nikajiambia hiyo inatosha.

Ugonjwa ulianza na maneno. Aliita sufuria kile kitu, kisha akaniita kile kitoto, kisha akaanza kutia chumvi kwenye chai na kuinywa bila kusema neno. Mwezi wa tano mlinzi mmoja alimkuta amesimama kando ya Waiyaki Way, magari yanampita, mkononi ameshika tepu ya kupimia nguo. Shosho alimwambia anaenda kufungua duka. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimfungia kwa kufuli nikienda kazini. Jirani yetu, Mama Emmah, alimpa chakula cha mchana kupitia dirishani na kuongea naye kidogo. Siku moja niliporudi nilikuta mbao za mlango zimechimbwa pembeni mwa kitasa. Alikuwa amejaribu kutoka kwa mkasi. Vidole viwili vilikuwa vinatoka damu, naye alikuwa ameketi kitini ametulia, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye funguo.

Nilianza kutafuta wiki hiyo hiyo. Nyumba moja ya kanisa ilipokea wazee wasio na mtu tu. Mama wa pale aliniangalia kwa huruma akasema, yeye ana wewe. Nyingine, Loresho, nilitajiwa bei nikashukuru na kukata simu. Nyingine ilikuwa rahisi, lakini wazee walikuwa wamepangwa kwenye benchi moja ndefu ukutani, na harufu ya mkojo ilinifuata hadi barabarani. Ya Muthiga ilikuwa na wazee kumi, bustani ya sukumawiki, na muuguzi aitwaye Nanyama ambaye hakuniuliza kwa nini nalia. Bei ilikuwa elfu sitini kwa mwezi. Mshahara wangu ni elfu thelathini na nne. Bima ya kazini iliniandikia kwamba hayo si matibabu, ni malazi.

Nilimpigia Anko Kihara, ndugu mdogo wa Baba, mwenye duka la rangi na misumari Kangemi. Yeye huniita Mami, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akakaa na kofia magotini kama mgeni. Kwanza alisema watu watasema tumemtupa mama yetu. Kisha Shosho akapita sebuleni amevaa koti juu ya gauni la kulalia, akamsalimia kwa adabu na kumuuliza kwao ni wapi. Anko hakutaja tena habari za watu.

Yeye ndiye aliyepata njia. Nyumba ya Shosho ipangishwe. Ingeleta elfu arobaini na tano, yeye angeongeza kumi, mimi tano, na nitafute chumba cha kukaa. Alikuwa hata na mpangaji, mwalimu mmoja aitwaye Bramwel, ambaye angelipa mara moja na kuingia Jumapili inayofuata. Muthiga walikuwa na kitanda kimoja na watu wawili wanaokisubiri. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa.

"Na akitaka kurudi?" nikauliza.

Anko aligeuza kofia. "Mami, atarudi wapi? Hata sasa yuko hapa ndani, na kila jioni anakuuliza mtarudi nyumbani saa ngapi."

Ilikuwa kweli. Nilikubali, naye akasema kwamba mimi ndiye niliyeamua.

Jumanne Shosho alitoa kopo lake la sindano. Nilikuwa nimezitandaza nguo zake kitandani, nikiogopa atauliza kwa nini ni zake. Hakushangaa hata kidogo.

"Chukua tu zangu," alisema. "Za dukani siku hizi ni karatasi. Hii sweta ya kijani itakufaa, huko kuna baridi."

Akashona. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Mtu ambaye asubuhi alishindwa kufunga vifungo vyake alitia uzi sindanoni mara moja, akaandika Wangui kwenye kola ya sweta, Wangui kwenye pindo la sketi, Wangui kwenye kila soksi. Mimi nilikuwa nikimkatia uzi. Alinisimulia mambo ya bweni: nisiache beseni nje, nisimwazime mtu sabuni, nikiumwa nisinyamaze. "Wewe shida yako ni kunyamaza," alisema, na nikanyamaza.

Alhamisi nilijaribu. Nilimwambia polepole, "Shosho, si mimi ninayeenda."

Sindano ilisimama. Aliniangalia kwa hofu ambayo sitaisahau.

"Karo imekosekana?"

"Hapana, Shosho."

"Niambie ukweli. Nitaongea na mwalimu mkuu. Naweza kumshonea sare za mwaka mzima." Alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu.

"Karo iko," nikasema. "Anko amelipa. Iko yote."

Aliketi. Akaichukua sindano tena, nami sikujaribu mara ya pili.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikampeleka Ngara kununua blanketi na beseni. Nilidhani kelele zitamchanganya, lakini alinishika mkono akaniongoza yeye, hadi kwa Mwololo, ambaye wakati ule alikuwa jirani yake wa kibanda na sasa ana duka la jumla la vyombo na matandiko.

"Wangui wa sare!" Mwololo alimshika mikono yote miwili. "Nilisikia umestaafu ukasahau maskini."

"Nimekuja na mteja, wacha maneno. Mtoto anaenda bweni."

Mwololo aliniangalia juu mpaka chini. "Huyu? Huyu si ni mwalimu anaenda kuripoti?"

"Alichelewa kidogo. Karo ilisumbua." Shosho alikuwa ameshaikunjua blanketi, anaivuta pembeni kuona nyuzi. "Hii unasema pesa ngapi? Elfu mbili? Mwololo, nanunua blanketi ama nalipa mahari?"

Vijana waliokuwa wakipanga sahani walicheka. Mwololo alishusha bei, akashusha tena. Shosho alipogeukia mabeseni, Mwololo aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama ameanza kusahau. Niliitikia kwa kichwa. Akauliza vitu ni vya nani hasa, nami nikamtazama Shosho, akaelewa. Alikataa pesa za beseni. Shosho akasema, ukimwona Mkamba anakataa pesa ujue ameuza bei mbaya mahali, na wote wawili wakacheka, Mwololo akijifuta macho kwa kiganja.

Jumamosi Anko alikuja na gari la duka. Nyuma kulikuwa na boksi langu la chuma la zamani, ambalo Shosho alikuwa amelipangusa na kulipanga kwa mikono yake. Alivaa gauni la kanisani na kofia nyeupe. Kabla ya kutoka alifunga madirisha yote, akamwambia Mama Emmah amwangalilie nyumba mpaka saa kumi. Mama Emmah alisema, "Sawa, mama," akaingia kwake haraka. Kwenye kibaraza kulikuwa tayari na godoro la Bramwel, limefungwa kwa nailoni. Shosho alilipita bila kuliona.

Nanyama alitupokea langoni. Shosho alishuka, akanishika bega na kunisukuma mbele.

"Wewe ndiye matroni?"

Nanyama alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Nimekuletea mtoto. Anaitwa Wangui. Ni mpole sana, haombi kitu hata akiwa na njaa. Usimwache."

"Siwezi kumwacha, mama."

Kisha Shosho alitoa leso kifuani, akaifungua fundo, akanitia kiganjani noti ya elfu moja. Ilikuwa ya zamani, zile zilizoacha kutumika miaka mingi iliyopita. Alivikunja vidole vyangu juu yake, akaniambia nisome, nisali, na nisilie mbele ya watu. Akageuka kwa Anko.

"Kihara, twende. Jua lisituzamie."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi kumtaja kwa jina. Anko alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, gari limezimwa, anaangalia mbele. Hakushuka.

Nilijua kwamba kama ningesema hapo hapo, angalau angekuwa ameambiwa. Angelia, au angenitukana, na huenda ningelirudisha boksi garini nikasema basi. Lakini godoro la Bramwel lilikuwa kibarazani, na Jumatatu nilipaswa kuwa mapokezi saa mbili. Nilisimama pale na noti mkononi.

"Mama," Nanyama akasema, "kwanza njoo uone kitanda atakacholalia. Usije ukaenda na wasiwasi."

Shosho alilipenda neno hilo. Aliingia, akabonyeza godoro, akalipindua kuangalia kunguni, akaanza kutandika shuka mpya, akivuta kila pembe mpaka ikanyooka. Alikuwa akiimba kidogo. Nanyama aliniashiria kwa macho. Niliondoka wakati Shosho amenipa mgongo, akiipiga mito ipate kufura. Ndani ya gari Anko hakuwasha redio.

Nanyama alinishauri nisiende kwa wiki mbili, ili azoee. Kila jioni nilimpigia. Alisema Shosho anakula, analala, hasumbui. Wazee wapya kwa kawaida hugonga lango na kulia kurudi kwao, lakini yeye hapana. Ameambia kila mtu kwamba hawezi kuondoka, ana mtoto anayesoma hapo.

Jumamosi ya tatu nilienda na chapati nne ndani ya taulo, bado moto. Niliambiwa yuko nje. Nilimkuta kwenye benchi lililo karibu na lango, amevaa sweta ya kijani, mkoba magotini. Niliketi kando yake. Alinisogezea nafasi na kunisalimia kwa adabu, kama alivyomsalimia Anko siku ile.

"Wewe ni mwalimu wa hapa?" akauliza.

Nilikiweka kifurushi cha chapati kati yetu.

"Nina msichana wangu humu ndani. Wangui. Labda unamfundisha."

"Namjua," nikasema.

"Wananiambia ngoja siku ya wageni, ngoja siku ya wageni. Leo si ndiyo?" Alinikaribia. "Anakula?"

"Anakula, Shosho."

"Halii?"

Nilitazama kola ya sweta, jina lililoshonwa kwa uzi mwekundu.

"Alilia kidogo mwanzoni," nikasema.

Alishusha pumzi. Harufu ya chapati ilikuwa imemfikia, akatazama kifurushi, nami nikakifungua na kumwekea magotini. Alihesabu kwa kidole. Alichukua moja akaimega, akala kipande. Tatu alizikunja tena ndani ya taulo kwa uangalifu, akanirudishia mikononi.

"Mpelekee," akasema. "Mwambie zimetoka nyumbani."