Mstari Chini ya Chokaa

Dokta, mhadhiri wao wa chuo, alisimama katikati ya uchochoro akawarudia wanafunzi sharti la somo lao la Ustahimilivu wa Tabianchi. Mtaa wenye alama tatu za mafuriko, zilizoonekana kwa macho na kupimwa, unaingia kwenye orodha ya kuchimbiwa mitaro. Ukipungukiwa hata moja, hauingii. Maneno ya mdomo hayaandikwi. Orodha inakwenda manispaa mchana huohuo.

Walikuwa wamepata mbili: moja kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, nyingine kwenye nguzo ya duka. Kwingine kote kuta zilikuwa nyeupe pepepe.

Kosa lilikuwa la binti mmoja wa darasa hilo, mzaliwa wa mtaa huu. Jumapili alimwambia mama yake kwamba wageni wa chuo watakuja kuangalia kuta. Mama akamwambia jirani, jirani akaeneza, na kufikia Jumatano uchochoro mzima ulikuwa umepakwa chokaa. Nani angekubali wasomi waikute nyumba yake na ukanda wa tope?

"Fundi," jirani alimwita kijana aliyeshika utepe, ambaye darasani walimwita Kamusi. "Ukimaliza ukuta unipime na mimi. Gauni langu lifunike magoti."

"Mama, huu ni wa kupimia maji."

"Basi pima niliyoyanywa siku ile. Ndoo nzima, na chenji sikurudishiwa."

Wanawake barazani wakaangua kicheko. Binti hakucheka, wala hakukasirika. Tangu mvua zile, mambo yalimfikia kama redio ya nyumba ya pili. Kwenye mtihani waliulizwa athari za mafuriko kwa wazee. Aliandika hoja nne kwa mwandiko mzuri, akapata A. Hoja ya tatu ilikuwa bibi yake.

"Wewe si wa hapahapa?" Dokta alimuuliza. "Kwenu hayakuingia?"

"Yaliingia."

"Twende."

Mama aliwapokea akiwa na gauni lililopigwa pasi. "Karibuni, wanangu. Msivue viatu, piteni tu."

Dokta alizungusha macho sebuleni. "Ukuta msafi sana, mama."

"Ahsante, baba."

Kamusi akainamisha kichwa, akajifanya anakunja utepe.

Binti alipita jikoni, akachukua kisu, akaingia chumba cha bibi. Kitanda kilishatolewa. Alichuchumaa, akaanza kukwangua.

"Humo hapana," mama alisema mlangoni. "Kwangua sebuleni."

"Sebuleni ulisugua kwa sabuni kabla ya kupaka. Humu hukusugua."

 Humu mama alikuwa amepaka mara tatu, juu kwa juu, bila kuugusa ukuta kwa mkono.

Chokaa ilidondoka vipande vipande juu ya viatu vya binti. Alikwangua usawa wa goti, akapanda kidogo, akahamia pembeni. Plasta kavu tu. Nyuma yake Dokta alitazama saa, akakohoa kwa adabu.

"Tuna mtaa mwingine wa kumalizia," alisema.

Binti aliendelea. Mkono ulikwenda wenyewe, kama wa mtu anayemenya viazi.

"Unakwangua chini sana," mama alisema. "Wewe hukuwepo."

Ni kweli. Usiku ule alikuwa bwenini, anajisomea.

Mama aliingia polepole. Akabandika kiganja ukutani, juu kidogo ya kiuno chake.

"Hapa. Godoro lilishazama. Nilimshika kichwa hapa, mpaka walipokuja kumtoa. Nikadhani tumewahi."

Bibi alikufa siku ya tatu, kifua kimejaa.

Binti alisimama, akakwangua kando ya vidole vya mama yake. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Mstari ukatokea, wa kahawia, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mama hakuondoa mkono.

Kamusi alipiga goti, akashusha utepe hadi sakafuni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mia moja na nne."

"Sentimita?" Dokta aliuliza, kalamu mkononi.

"Sentimita," alijibu binti. "Andika."

Dokta akaandika, akalizungushia duara jina la mtaa kwenye orodha. "Umeingia. Mama, usipake tena. Watu wa manispaa watataka kuuona."

"Watakuja lini?"

"Mwezi huu. Labda ujao."

 Mama akauondoa mkono ukutani, akaenda kuchukua ufagio, akaanza kukusanya chokaa iliyodondoka.

"Sogeza mguu," alimwambia mwanawe.

Binti akausogeza.