Chokaa ya Gordon

Mwaka wa tisini na tatu, pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, hakukuwa na mtu aliyejisifu kwa kuzamia kama Gordon, na Shitanda, kijana aliyezamia naye, alikuwa amekwisha kumchoka. Mtu anakunywa chai kwa makelele, anasimulia injini alizoopoa ziwani, na kifaa chake hajakiosha tangu juma lililopita.

Kifaa chenyewe hakikuwa mtungi wa hewa wa kawaida. Watafiti fulani walikuwa wamewaachia mashine mbili zinazosafisha pumzi ya mzamiaji na kumrudishia aivute tena. Kazi hiyo hufanywa na chokaa maalumu iliyo ndani ya kopo. Chokaa ikichoka, mtu huvuta sumu yake mwenyewe bila kujua.

Shitanda alijifunza mashine hiyo majuzi tu. Ndiyo maana kila asubuhi aliingia maji ya kifuani, akafumba macho na kujizoeza: funga kinywa cha mashine cha kuvutia hewa, kiteme, shika cha mtungi wa hewa ya akiba. Gordon alimwita mtoto wa nasari.

Siku ya kuopoa injini ya boti ya Mama Perez iliyodondoka ziwani, Shitanda alimkuta Gordon ameanika chokaa iliyotumika juu ya wavu, kando ya dagaa wa omena, akiigeuza kwa kiganja.

"Bwana Gordon, hiyo imekwisha. Kuanika hairudishi nguvu."

"Jua ya hapa inakausha omena, itashindwa na unga?" Gordon alicheka. "Wewe umesoma Mombasa wiki mbili. Mimi nimezaliwa kwa hii maji."

Shitanda alimtazama kwa dharau ambayo hakujisumbua kuificha. Ndevu zote zile, na kichwani hamna kitu.

Walipoingia botini pamoja na Mama Perez, Shitanda alimwomba Gordon akae kwanza, avute mashine dakika chache, ili ikigoma igome juu. Gordon hakutaka. Hata mtungi wa akiba aliuacha, eti mzito. Akajitosa.

Shitanda, tayari na mashine yake yenye chokaa mpya aliyokwisha kuijaribu, alishika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Gordon. Alivuta mara moja, akajibiwa. Alivuta tena, kimya.

Akamkabidhi Mama Perez kamba, akashuka. Chini maji yalikuwa meusi kama chai ya strungi. Alimpapasa Gordon akiwa amekumbatia injini, anahema ovyo, hajui juu wala chini. Mikono ya Shitanda haikusubiri kuambiwa. Ilifunga kinywa cha mashine ya Gordon, ikakitoa, ikamtia mdomoni kile cha mtungi wake mwenyewe wa akiba. Wakapanda polepole.

Botini Gordon alitapikia miguu yake, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Alipopata sauti alimgeukia Mama Perez.

"Ni kamba ilininasa tu, Mama. Huyu kijana alinifuata bure."

Shitanda alikuwa anamfungulia mikanda ya mgongoni, akaiinua mashine na kuilaza taratibu juu ya gunia kavu.

"Sikukufuata wewe, Bwana Gordon," alisema. "Tuko na mashine mbili tu."