Jivu la Mama Mkwe

Bondeni kwetu mbegu chungu za mtochi, mti wa msituni, haziliwi hivihivi. Unazianika, unazilaza kwenye maji ya mto siku nane, unazichemsha, halafu unazizamisha kwenye jivu la moto lililokorogwa mpaka uchungu utoke. Jivu likipungua, ulimi unakufa ganzi. Likizidi, unabaki na tope. Kipimo hakijaandikwa popote, kinaonjwa tu. Na kwa miaka kumi na tisa tangu niolewe, mwonjaji alikuwa mama mkwe wangu, Tsuruyo. Mimi nilikuwa wa kuosha vyombo.

Kazi ile ya jivu niliitaka kuliko nilivyomtaka mwanawe.

Alipofika miaka themanini, ulimi wake ukazeeka kabla ya maneno yake. Mochi zake za mwaka mpya, zile keki tunazotwanga kwa mchele wa kunata na mbegu hizo, zikatoka chungu kama shubiri. Wageni walitafuna huku machozi yakiwalenga.

"Tamu, Mama! Huna mpinzani," alisema jirani yetu, mzee Gensaku, akiomba chai ya tatu.

"Tamu sana, Mama," nikasema nami. Nani angemfunga paka kengele? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilifika miaka mitatu.

Mwaka huu akavunjika mkono.

"Haya Misao, shika wewe. Usije ukaniaibisha."

Nilifurahi. Nikachekecha jivu la mwaloni, nikaonja asubuhi na jioni hadi ulimi ukachubuka. Mochi zikatoka laini, zenye uchungu kidogo tu, ule unaotakiwa.

Siku ya mwaka mpya Gensaku alikula nne bila kuomba chai. Mama akamkazia macho.

"Vipi?"

Mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Kajitahidi. Ila za kwako za mwaka jana, Mama... aa, hizi hazizifikii."

"Hata kidogo," wakaitikia wengine, mikono ikirudi sahanini.

Mama akanigeukia. "Na wewe? Zipi tamu, hizi au zangu?"

Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

"Zako, Mama."

Akanipapasa bega kwa huruma ya kweli. "Usilie, mwanangu. Si kila mtu kajaliwa ulimi. Mkono utapona, mwakani nitapika mwenyewe."

Kusikia hivyo, Gensaku akajaza mochi zangu kwenye mifuko ya koti.