Kasha Lililotiwa Kufuli

Hyasinta alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haiuzwi popote: mbao za zamani. Wenzake pale Makambako wakipata vihela hukimbilia makabati ya kung'aa, yale ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambayo bati likivuja mara moja tu yanavimba kama maandazi. Yeye atazunguka vijijini wiki nzima kufuatilia kiti alichokalia babu wa mtu. Mumewe Sadock, dereva wa Fuso, alimtania kwamba ameoa mlinzi wa makumbusho, kisha akambebea hivyo viti kwenye lori lake bila kunung'unika.

Mwaka huu hamu ilizidi kwa sababu ya mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu ilikuwa imeshika, mwezi wa nane sasa. Sadock alikuwa ameapa: safari moja tu ya mwisho, kupeleka viazi Tunduma, halafu anaegesha lori mpaka mtoto azaliwe. Hyasinta hakuwa akiomba kitu kingine kwa Mungu. Mara zote mbili zilizopita alikuwa peke yake hospitalini, mume yuko barabarani, na alishajua kwamba ya tatu peke yake hataiweza.

Kasha alilipata Uwemba, kwa mama mmoja mzee aitwaye Teodora, nyumba ya nyuma kule misheni. Teodora alikuwa anahamia kwa bintiye Lupembe, na huko nafasi ilikuwa ndogo. Kasha lilikuwa la mninga mtupu, refu kiasi cha mtoto wa darasa la nne kulala ndani, na pembe zake zilifungwa kwa vyuma vilivyofuliwa kwa mkono huko Ludewa enzi hizo. Hyasinta alipiga magoti akalinusa. Lilinukia moshi na kitu kingine alichoshindwa kukitambua, kitu kikavu, kama kamba mpya.

Kasoro ilikuwa moja. Mbele, pale panapokaa kitasa, palikuwa na tundu la kutosha kupitisha ngumi.

"Na hapa, mama?" aliuliza.

"Kitasa kilitolewa," Teodora alijibu, kwa namna mtu anavyokuambia kwamba jana mvua ilinyesha.

Hyasinta hakuuliza zaidi. Walipatana bei bila kelele, na Sadock akalipakia kasha kwenye Fuso, akalishusha chumbani kwao Makambako jioni hiyohiyo. Jumanne asubuhi akambusu mkewe tumboni, akaondoka na viazi.

Basi Hyasinta akaona huo ndio wakati wake wa kupanga nyumba. Alimwita Stanley, fundi seremala wa mtaani, naye akaziba lile tundu kwa kipande cha mninga kilichofanana na kasha kabisa, akapigilia komeo na kufuli jipya. Kazi safi. Hyasinta akatoa nguo zote za Sadock kabatini ili vijinguo vya mtoto vipate nafasi: suti ya harusi, mashati, masweta mawili, koti zito la baridi. Alizipiga pasi moja moja, akazikunja, akazilaza kashani, akafunga kufuli na kuutundika ufunguo shingoni pamoja na rozari. Alijisikia vizuri sana. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyemaliza kupanga nyumba, hata kama amepanga balaa.

Alhamisi saa tano asubuhi Sadock alipiga simu. "Nipo Igawa, mama kijacho. Weka ugali, saa saba nafika."

Saa saba ikapita. Saa tisa simu ikaita.

"Hyasinta," alisema, "hivi nimeshapita Makambako?"

Hyasinta alicheka. Barabara kuu inakata katikati ya mji, na huwezi kuupita bila kuona stendi, reli na ile njia panda ya Songea. "Umelala kwenye usukani?"

"Sijalala. Nipo Nyororo. Nilikuwa natazama vibao kimoja kimoja. Ukungu ulikuwa mzito, ulipoachia nikajikuta huku. Nageuza."

Hyasinta alitazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka, nguo za mtoto zilikuwa zimekauka kambani tangu mchana. Alitoka mpaka kwa madereva wanaoegesha barabarani, akamwuliza mmoja aliyetokea Mbeya kama huko alikotoka kuna ukungu. Yule dereva alimtazama kama anayeuliza habari za theluji.

Saa kumi na moja simu tena. "Nipo Igawa." Sauti ilikuwa imechoka. "Nimerudi mpaka Igawa na Makambako sijaiona. Hyasinta, nimejaza mafuta mara ya nne."

"Mara ya nne wapi, Sadock? Kwa leo tu?"

Simu ilikatika. Hapo ndipo woga ulipomwingia, na mtoto akageuka ndani kwa nguvu kana kwamba naye amesikia.

Usiku hakuna simu iliyoingia. Ijumaa asubuhi iliita mara moja, na sauti aliyoisikia ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, hata akaitazama namba kwanza kuhakikisha.

"Usichoke kunisubiri," Sadock alisema.

"Nitachokaje? Si jana tu ulipotakiwa kufika?"

Sadock akasema "Jana?" taratibu, kama mtu anayejaribu neno la lugha aliyoisahau, na mtandao ukamchukua.

Hyasinta alilia, na hakuona aibu. Alitaka kitu cha kushika chenye harufu ya mumewe, hivyo akauvua ufunguo shingoni na kulifungua kasha.

Koti lilikuwa juu kabisa, pale alipoliweka. Lakini kola ilikuwa imechanika, na viwiko vilikuwa vimetoboka na kushonwa kwa uzi wa katani, mshono wa kiume, mbaya. Alitoa mashati. Yalikuwa yamepauka migongoni kama yaliyopigwa na jua miaka mingi. Suruali ya suti ya harusi ilikuwa imelika magotini. Nguo zote zilinuka dizeli na jasho. Hizi ni nguo alizozipiga pasi mwenyewe Jumanne, akazifungia kwa kufuli ambalo ufunguo wake haukutoka shingoni mwake hata alipooga.

Alimpigia Teodora simu.

"Kamwene, mama. Ni mimi, wa lile kasha."

"Kamwene, mwanangu. Mbona unahema?"

Hyasinta alimweleza yote, akiruka huku na huku. Teodora hakushangaa hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu.

"Umelitia kufuli?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaweka nguo za mtu aliye njiani?"

Hyasinta alilitazama lile koti lililochanika.

"Enzi zile wanaume wakienda manamba, huko kwenye mkonge Tanga," Teodora alisema, "nguo wanazoziacha zinawekwa kashani, na kitasa kinang'olewa siku hiyohiyo. Nguo ya mtu aliye safarini haifungiwi, mwanangu. Ukiifungia nguo umemfungia mwenyewe njia ya kurudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe si Mbena? Nilidhani unajua! Ningekuambia pia usikalie jiko lenye moto?"

Ni kweli alikuwa Mbena, lakini Mbena wa kotazi za reli, aliyelelewa na redio na baba fundi wa treni. Mambo ya manamba aliyasikia shuleni tu, kwenye somo la historia, na mwalimu hakugusa habari za makasha.

"Sasa nimefungua," alisema. "Atakuja?"

"Kufungua hakutoshi, njia imeshampotea. Chukua nguo yake, simama pale anapotakiwa kupita, aione. Nguo inamjua mvaaji wake. Na uwahi, mwanangu. Aliyefungiwa hahesabu siku kama tunavyozihesabu sisi."

Hyasinta hakubadili hata kandambili. Alilibeba lile koti, akashika njia mpaka barabara kuu, akasimama njia panda ya Songea mchana kweupe, tumbo mbele, mikono juu, koti limening'inia.

Makambako haina huruma kwa kituko. "Mama, hilo unauza?" mchuuzi wa karanga alimpigia kelele. Bodaboda walicheka, mmoja akamshauri alipeleke mnadani. Hakuwajibu. Malori yalipita, ya Zambia, ya mbao, ya mafuta, na kila moja alilitazama namba. Mikono iliuma, akaendelea kuinyoosha. Alianza kuita jina la mumewe, kwanza polepole, baadaye kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka vicheko vikaisha kimoja kimoja, na yule mchuuzi wa karanga akaweka beseni lake chini.

Upande wa Igawa, katikati ya lami kavu inayowaka jua, kulitokea ukungu. Haukuwa mkubwa kuliko nyumba moja. Ndani yake ziliwaka taa mbili hafifu, kisha Fuso likatoka taratibu, rangi imebabuka, bodi limeoza kwa kutu, kioo kimoja kimezibwa kwa kipande cha bati. Lilisimama mbele ya Hyasinta, injini ikakohoa ikazima.

Aliyeshuka alishuka kwa kushikilia mlango. Nywele zilikuwa nyeupe. Ndevu zilikuwa nyeupe, zimefika kifuani. Lakini kovu la nyusi lilikuwa lilelile, na namna ya kuinamisha kichwa, na Hyasinta alimjua kabla hajakanyaga lami.

"Sadock!" Aliliachia koti likaanguka. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamkimbilia kwa mwendo wa bata wa mjamzito. Amerudi. Mzee au kijana, amerudi, na mtoto hajazaliwa bado, na safari hii hatakuwa peke yake.

Sadock alimpokea kwa mikono miwili, akamshika uso, akautazama muda mrefu bila kupepesa. Machozi yalimjaa. "Hujazeeka," alisema. "Hujazeeka hata kidogo."

Kisha macho yakashuka mpaka tumboni, yakabaki pale. Mikono yake ililegea, ikaachia uso wa mkewe. Midomo ilicheza, akihesabu miaka kimyakimya, mingi, na hesabu ilipokwisha akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa lori.

"Hiyo mimba," aliuliza, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyekwishajiandaa kusamehe, "ni ya nani?"

"Umeondoka Jumanne," Hyasinta alisema. "Sadock, nisikilize. Umeondoka Jumanne hii."

Akatikisa kichwa chake cheupe, kwa upole, kama anavyofanya mtu mzima anapodanganywa na mtoto.