Wimbo wa Tisa

Programu ilisema nyimbo nane. Zilikuwa tisa.

Niliizima kompyuta, nikaiwasha, nikaiendesha programu upya. Nane. Ilikuwa Jumatatu, nami nilikuwa nimekaa kwenye meza ya chakula nyumbani kwangu Kinondo. Chai niliyoimimina saa moja asubuhi ilikuwa imefanya utando juu. Sikuinywa wala sikuimwaga.

Programu hiyo niliiandika mwenyewe. Nilikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani kwa miaka ishirini na sita, na kila nilichosoma baada ya darasa la nne nilikisoma jioni, baada ya kazi. Nilipostaafu nilijiandikisha kwa Mwalimu Seth pale Ukunda kujifunza kompyuta. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, na sikuwahi kuwa wa mwisho darasani. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliniachia kompyuta yake ya kubebeka, na kwa miezi mitano nikaandika programu ya kupiga nyimbo. Niliiita Kinanda. Inaangalia ndani ya folda ya nyimbo, inahesabu mafaili, inayaorodhesha kwenye kioo. Ukibonyeza namba, wimbo unapigwa.

Wimbo wa tisa ulikuwa wa mke wangu, Dama. Aliutunga mwenyewe na hakuuandika popote. Kwaya yake ilijua kiitikio tu. Beti aliimba yeye. Tuliurekodi kwenye kaseti, nami nikauhamishia kwenye kompyuta kwa waya niliouunga kwa mkono wangu. Kisha nikamwambia kaseti ni mambo yaliyopita, nikarekodi juu yake masomo ya Kiingereza ya redio.

"Haya, fundi," alisema. "Usije ukanipoteza humo."

Tulimzika Taru, kwao na kwetu, mwezi wa pili mwaka huu wa tisini na tisa. Matanga yalikuwa yamalizwe Jumamosi hiyo.

Jumanne alikuja Jemima, kiongozi wa kwaya. Alisimama nyuma ya kiti changu akatazama kioo.

"Mzee Nzai, tunataka tuuimbe wote pale Taru. Tupe tuusikilize, tushike beti."

"Hauonekani."

"Hauonekani vipi? Wewe si ndiye uliyetuambia kaseti zetu tuzitupe?"

"Niliwaambia."

"Basi Kinanda kimekula wimbo." Alitabasamu, halafu akaona uso wangu akaacha. "Kaseti yake iko wapi?"

Nilimwambia. Alichukua kikombe cha chai ya jana akakiosha, akaenda zake.

Nilifanya kazi jinsi nilivyofundishwa: jambo moja kwa wakati, na kila jambo kwenye daftari. Kwanza nilidhani programu inahesabu vibaya, kwamba inaanza kwenye sifuri na kuliacha faili la mwisho. Nilisoma mistari yangu mia mbili na kumi na minne, mmoja baada ya mwingine. Haikuwa na kosa. Halafu nikatengeneza faili la tisa, la ukimya mtupu wa sekunde tano, nikaliweka kwenye folda. Kinanda kikasema tisa. Kwa hiyo macho kilikuwa nayo. Nililifuta, ikarudi nane.

Nilitazama folda nyingine zote. Nilitazama disketi kumi na moja. Sikuhisi hofu. Sikuhisi kitu, na hilo nililiandika pia, kisha nikalikata kwa sababu halikuhusu kazi.

Jumatano nilirudi nyuma kwenye daftari. Nina tabia ya kuandika nafasi iliyobaki kwenye diski kila nikihifadhi kitu. Niliiuliza kompyuta nafasi iliyobaki sasa. Ilikuwa ileile, tarakimu kwa tarakimu, niliyoiandika siku nilipomhifadhi Dama. Wimbo ungekuwa umefutwa, nafasi ingekuwa imeongezeka. Basi ulikuwamo. Ulikuwa umekaa palepale, na programu yangu ilikuwa ikipita mbele yake bila kuuona.

Alhamisi alikuja binti yangu, Caroline, siku yake ya mapumziko. Anafanya kazi mapokezi hotelini na kompyuta anazijua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo utazame hapa."

Nilimwonyesha daftari. Alisoma mpaka chini, akakaa.

"Ni mimi, baba. Niliuficha."

"Uliuficha?"

"Kuna alama unaliwekea faili, lisionekane kwenye orodha. Halitoki mahali pake."

Nilijua. Mwalimu Seth alitufundisha jambo hilo kwa dakika kumi, na sikuliona kuwa na faida.

"Kwa nini?"

"Wewe ulisema. Siku ya maziko tulipokuwa tunakunja nguo za mama na shangazi Kache, ulisimama mlangoni. Ulisema kila kitu chake kitiwe sandukuni, kisionekane mpaka matanga yaishe. Nikauliza, kila kitu? Ukasema, kila kitu, nisikukute ukichagua."

Ndivyo ilivyo kwetu. Vitu vya marehemu havishikwi wala havitazamwi mpaka siku ya kumaliza, ndipo sanduku linafunguliwa na ndugu wanagawiwa. Nilisimama mlangoni, alisema. Mimi nakumbuka mlango tu.

"Niutoe sasa?" aliuliza. "Ni amri moja."

"Jemima anautaka."

"Na wewe?"

Niliandika amri inayoorodhesha hata yaliyofichwa. Likatokea jina lake, ukubwa, tarehe. Nililinganisha ukubwa na daftari. Ulikuwa mzima.

"Uache," nilisema. "Mtu akitoa kimoja, kesho mwingine atataka kanga. Jemima atausikia Jumamosi pamoja na wengine."

Jumamosi pale Taru wazee walilifungua sanduku. Nguo zilikwenda kwa dada zake, jembe kwa shemeji yangu Ziro, Biblia kwa Caroline. Sanduku lilipobaki tupu, niliiweka kompyuta juu ya kifuniko chake na kuiunga na betri ya gari, maana umeme haujafika huko. Niliandika amri ya kuuondolea ile alama, nikaiendesha programu. Tisa. Nikabonyeza tisa.

Kwanza kulikuwa na mkwaruzo wa kaseti. Kisha Dama akauliza, "Umeshawasha?" na sauti yangu ikajibu, "Bado, subiri."

Alianza kuimba. Jemima alikuwa na kalamu lakini hakuandika. Kwenye kiitikio kwaya iliingia naye. Watu walilia. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya waya wa betri, nikiubana kwa vidole viwili pale ulipolegea, maana ningeuachia sauti ingekatika. Niliubana mpaka ubeti wa mwisho. Vidole vilikufa ganzi, na sikubadilisha mkono.