Mkate Uliokandwa Nusu Saa

Hebu nitegulie hiki, wewe unayenisikiliza: ukimgusa kidogo ananenepa, ukimkanda sana anageuka jiwe. Ni mkate wa magadi, usiotiwa hamira, na kule Sligo hata mtoto anajua. Fintan, mgane wa miaka sitini, hakujua.

Tangu Pasaka alikuwa amemposa jirani yake Attracta, naye Attracta hakumpa jibu. Alihofu kwamba mzee anatafuta mpishi tu. Jumapili moja Fintan akamwalika chai, akamtolea mkate aliouoka mwenyewe. Kisu kikagoma kupita.

"Wee Fintan, ulikuwa unakanda unga au unapiga mwizi?"

"Nusu saa nzima," akajibu, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Loo! Huu haukandwi, baba. Unatia mtindi, unachanganya upesi, unachora msalaba juu kwa kisu, unauingiza kwenye oveni. Basi."

"Kesho nitaoka mwingine. Na keshokutwa. Wewe utakaa tu, unikosoe."

Attracta alivunja kipande kwa mikono, akakitafuna polepole, akakisukuma kwa chai.

"Haya, Fintan," akasema. "Nitaolewa na wewe."