Paa la Jenerali

Usiku wa jana niliota niko kazini, jambo lililoniudhi tangu mwanzo, maana kazini nilikuwa nimetoka jioni hiyo hiyo na mgongo ulikuwa bado unauma.

Kazi yangu ni kuosha na kunyoa mbwa hapa Lodwar, ambako jua halina haya. Mchana alikuwa amenipigia simu Mzee Ekidor, karani mstaafu. Binti yake alimletea mbwa kutoka Limuru, mwenye manyoya mazito ya nchi ya baridi, anaitwa Jenerali. "Mnyoe wote, Asekon, abaki ngozi," Mzee alisema. "Anahema mpaka namwonea huruma." Nikamwambia amlete asubuhi, nitamnyoa apoe. Huyo mbwa mwenyewe sikuwa nimewahi kumwona.

Basi ndotoni nasimama mlangoni kwangu, pale nilipobandika sharti: kabla mbwa hajakanyaga nje, weka mgongo wa mkono chini, uhesabu hadi saba. Usipovumilia, mbwa asikanyage. Nainama, naweka mkono.

"Waite," ardhi inasema.

"Niwaite akina nani?"

"Hao unaowahesabu."

Namwita Moja. Anatokea nyuma ya tangi la maji, amevaa suti. Mbili anakuja, Tatu anakuja, wanajipanga foleni kwa adabu. Sita anafika akirukaruka, soli zimemyeyuka.

"Saba yuko wapi?" nauliza.

"Yuko kwake," Sita anajibu. "Amesema kwa joto hili hakanyagi."

"Basi na mbwa hakanyagi," ardhi inasema, na shauri limekwisha. Mara naona mji mzima umebeba mbwa. Muuza samaki ana wawili kwenye karai kichwani. Mzee Ekidor anakuja na Jenerali mgongoni, amemfunga kwa shuka kama mtoto mchanga, na mbwa mwenyewe ni mkubwa kuliko yeye.

Tunamlaza mezani. Nawasha mashine ya kunyolea, inakohoa.

"Leo sijisikii vizuri," inasema.

"Jana ulikuwa mzima."

"Jana hukuniletea huyu."

Sijazoea kubishana na vyombo vyangu mbele ya mteja. Nampitishia Jenerali mstari mmoja mgongoni, kutoka shingoni hadi mkiani. Pakafunguka kama zipu, nami nikatumbukia ndani.

Ndani kulikuwa Limuru. Sijawahi kufika huko, lakini masikio yalinipoa na kulikuwa na majani chai pande zote. Kwenye kigoda ameketi Kivuli, amevaa sweta, anafuma lingine.

"Wewe ndiye unayebomoa?" ananiuliza bila kuinua macho.

"Nanyoa. Mbwa anaona joto."

"Nyumba yako ina paa?"

"Ina paa."

"Ukiona joto ndani, unaezua?"

Nikaona nisikubali kirahisi hivyo, miaka tisa niko kwenye kazi hii. "Lakini mtu akiona joto huvua sweta," nikasema.

"Mtu hutoka jasho mwili mzima. Huyu jasho lake liko kwenye nyayo, na joto analitolea mdomoni. Manyoya ya juu ndiyo yanayolizuia jua lisifike ngozini. Mateso yake ni haya manyoya yaliyokufa huku chini, yamejaa, hewa haipiti. Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Kuuliza si ujinga," akasema, akaendelea kufuma.

Hapo Jua likaingia kwenye ule mstari wangu, bila hodi, na kiti chake mkononi. Mgeni njoo mwenyeji apone, watu husema, lakini huyu hakuwa mgeni wa aina hiyo. Likaketi. Majani chai yakaanza kukauka.

"Nani amekukaribisha?" nikaliuliza.

"Wewe," likasema. "Chai iko?"

Nilishikwa na hofu ya kweli. Nikapanda juu, nikatokea mezani kwangu. Jenerali amelala ubavu, anahema, ulimi umerefuka mpaka umetoka nje ya mlango kutafuta maji. Mzee Ekidor amemshika mguu.

"Tangu mama watoto aondoke," ananiambia polepole, "huyu ndiye anayekuja kitandani asubuhi kuangalia kama nimeamka. Akifa, nani atajua?"

Kivuli akanyoosha mkono kutoka manyoyani, akanipa chanuo. "Chana," akasema. "Ule mstari uufunike kwa kitambaa kibichi."

Nikafunika, nikalowesha nyayo, nikachana. Manyoya yaliyokufa yakatoka gunia la kwanza, la pili, la tatu. Upepo ukapita. Jua likabeba kiti chake, likalalamika kwamba hata chai halikupewa, likaondoka. Jenerali akafumba mdomo. Kwa mbali nikamwona Saba anakuja, viatu mkononi, anakanyaga kwa tahadhari.

"Umemaliza ubavu wa kushoto," Kivuli akasema. "Bado wa kulia." Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na ngumi yangu ilikuwa imefumbwa. Nilipoifumbua nikakuta manyoya meupe, yenye unyevu, baridi kama yametoka kwenye friji. Kabla sijajua la kufanya nayo, nikasikia hodi.

Ni Mzee Ekidor, na Jenerali kwa kamba. "Nimemkuta hivi alfajiri," akasema, naye hakuwa na furaha. "Nyumbani sina mashine, sina hata mkasi."

Mgongoni kulikuwa na mstari mmoja, upana wa mashine yangu. Nikalaza juu yake yale manyoya ya mkononi. Yakaenea sawasawa.

"Basi malizia, maana mtu ameshaanza," Mzee akasema.

"Simnyoi, Mzee. Nitamchana."

Jenerali akanusa mkono wangu. Akapanda mezani mwenyewe, akalala, akanipa ubavu wa kulia.